Somo: Namna ya kutandaza kofadamu ya mifuko ya maji mtoni kwa kazi ya nguzo ya daraja

Wakuu, habari za kazi. Somo la leo ni la wale wanaotengeneza madaraja madogo na ya kati. Nguzo imechimbwa na maji, msingi uko wazi, na unahitaji pakavu ili uchimbe, ufunge nondo na umwage zege. Kofadamu ya maji ni ukuta wa muda wa kukupatia hapo pakavu: mfuko mrefu wa kitambaa kigumu cha plastiki unaotandazwa mtoni huku ukijazwa kwa pampu maji ya mto huohuo mpaka usimame juu kuliko mto. Kazi ikiisha maji yanatolewa na mfuko unakunjwa. Hakuna kifusi wala mchanga wa kuzoa.

Kabla ya hatua zenyewe, shikeni jambo moja. Maji yakiwa ndani ya maji hayana uzito. Mfuko uliozama wote, hata uwe na tani 50 ndani, mkondo unausogeza utakavyo. Kinachoukalisha chini ni maji yaliyo ndani yake juu ya usawa wa mto, na uzito unaoongezeka pale upande wa kazi unapokauka. Kwa hiyo kimo cha mfuko hakinunuliwi kwa ajili ya kuzuia maji yasiruke tu. Kimo ndicho uzito unaoshikilia kazi nzima. Kanuni inayotumika ni kwamba kina cha mto kisizidi robo tatu ya kimo cha mfuko. Kina cha sentimita 90 kinataka mfuko wa mita 1.2. Hiyo ni kwa maji yaliyotulia. Mkondo ukiwa na nguvu, ongeza kimo.

Hatua ya 1: Pima mto, usiukadirie kwa macho

Pima kina kila baada ya mita moja kwenye mstari wote utakaopita mfuko. Kasi ya maji ipime kwa chungwa: pima mita 10 ukingoni, tupa chungwa katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Chungwa linafaa kwa sababu huelea likiwa karibu lote limezama, upepo haulisukumi. Likitumia sekunde 20, maji ya juu yanakwenda nusu mita kwa sekunde, na kasi ya wastani ya mto mzima ni kama asilimia 85 ya hiyo.

Halafu fanya hesabu ambayo watu wengi huiruka. Ukifunga nusu ya mto, maji yote yatapita kwenye nusu iliyobaki. Hapo kasi inaongezeka, na usawa wa maji upande wa juu unapanda. Kina unachotakiwa kukitumia kuchagua mfuko ni kile kitakachokuwepo baada ya kufunga. Kile ulichopima leo mto ukiwa wazi ni cha kuanzia tu.

Msukumo wenyewe uko hivi: maji ya kina cha mita 1 yanasukuma ukuta kwa nguvu ya kama kilo 500 kwa kila mita ya urefu. Kina cha mita 2 ni tani 2. Kina kimezidi mara mbili, msukumo umezidi mara nne. Mimi kwenye maji yanayokwenda, kina kikifika mita 2 sitandazi mifuko. Nadai shiti za chuma, yaani mabamba marefu ya kupigilia ardhini, zigongwe, gharama iwe itakavyokuwa, kwa sababu ndani kutakuwa na watu.

Hatua ya 2: Majira na vibali

Kwa mito mingi ya Tanzania na Kenya, dirisha lenu ni kiangazi cha Juni hadi Oktoba, kabla ya vuli. Kuingilia mkondo kunahitaji kibali: Tanzania anzeni na Bodi ya Maji ya Bonde husika na taasisi ya taifa ya mazingira (NEMC), Kenya ni mamlaka ya rasilimali za maji (WRA) na ya mazingira (NEMA). Ombeni mapema.

Tafuteni pia mtu wa kuwapigia simu aliye juu ya mto. Ruvu inaanzia milima ya Uluguru. Mvua inaweza kupiga mlimani usiku na ninyi darajani mkaamka na jua kali huku maji yanapanda. Na kwenye Mto Tana chini ya mabwawa ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere, maji yanaweza kupanda bila tone la mvua popote, mitambo ikifunguliwa tu.

Hatua ya 3: Safisha sakafu ya mto

Hapa ndipo kazi inapopona au inapofia. Mtu aingie majini na apapase mstari mzima kwa miguu na kwa fimbo. Ondoa mawe yenye ncha, magogo, visiki, vipande vya nondo na chupa. Karibu na daraja la zamani nondo zilizokatwa hazikosekani. Mashimo yajaze kwa viroba vya mchanga mpaka pawe sawa, kwa sababu mfuko hulala vizuri kwenye mwinuko wa taratibu lakini haujazi pengo la ghafla. Mawe makubwa yaliyopangana yenye nafasi katikati hayafai kabisa. Maji yatapita chini yake siku nzima.

Ukingoni, chimba mfereji wa kulaza mwisho wa mfuko ndani ya udongo mgumu. Ncha za mfuko lazima ziishie juu kuliko usawa wa juu kabisa mnaoutarajia.

Hatua ya 4: Kutandaza na kujaza

Mfuko wa kawaida una ganda la nje lililofumwa, na ndani yake mirija miwili ya plastiki iliyolala sambamba. Mrija mmoja peke yake ungebingirika ukisukumwa. Miwili ikibanwa ndani ya ganda moja inakabana pale inapogusana, na kila mmoja unauzuia mwenzake. Iko aina nyingine yenye mfuko mmoja na pazia la ndani linalofanya kazi hiyohiyo.

Anzeni upande wa juu wa mto. Mfuko ukiwa umeviringishwa, uwekeni ukingoni, midomo ya kujazia ibaki nchi kavu. Zungusheni kamba mbili kwenye viringio hilo, kila kamba na watu wake na kigingi cha kufungia, maana maji yakianza kuingia, mfuko utajikunjua wenyewe kuelekea mtoni, na msipoushika utakimbia na mkondo. Washeni pampu. Mirija yote miwili ijazwe kwa pamoja, kila mmoja na mpira wake. Mmoja ukitangulia, mfuko unapinda. Legezeni kamba kidogo, subirini mfuko uliokwisha kunjuka unenepe na ushike sakafu, ndipo mlegeze tena.

Kwa mfuko wa mita 1.2, kila mita ya urefu inameza zaidi ya lita 2,000. Mita 20 ni kama lita 46,000. Pampu ya petroli ya inchi 3 ikitoa lita 800 kwa dakika ingeumaliza kwa saa moja hivi, lakini kwa kusimama na kurekebisha tengeni nusu siku.

Umbo la kuzunguka nguzo iliyo karibu na ukingo ni pande tatu: kutoka ukingoni kuingia mtoni, kufuata mkondo, kisha kurudi ukingoni. Upande wa chini wa mto ufungwe mwisho. Kufikia hapo mfuko wa kwanza umeshakinga mkondo, kwa hiyo ule wa mwisho unautandaza kwenye maji yaliyotulia.

Hatua ya 5: Kukausha, polepole

Kabla ya kuvuta maji ya ndani, yaani ya eneo mlilozungushia na si ya mfuko, pigilia vigingi vya nondo upande mkavu, sentimita 10 kutoka kwenye mfuko, na upake rangi alama kwenye ganda. Sasa mna namna ya kujua kama unatembea. Punguza maji ya ndani kama sentimita 30, zima pampu, angalia. Mfuko utajisogeza kidogo na kukaa. Hiyo ni kawaida. Ukiendelea kusogea wakati pampu imezimwa, rudisha maji ndani.

Samaki walionaswa, kambale na perege, wachotwe kwa nyavu na warudishwe mtoni kabla maji hayajaisha.

Maji yatavuja. Chimba shimo la kukusanyia pembeni, weka pampu yenye chujio, na uyapitishe maji yake kwenye mfuko wa kuchujia au kwenye nyasi kabla hayajarudi mtoni. Muhimu kuliko wingi wa maji ni rangi yake. Yakivuja safi, unapambana nayo kwa pampu. Yakianza kutoka na tope au mchanga, maana yake yanabeba ardhi iliyo chini ya mfuko. Watu watoke, maji yarudishwe ndani, kisha mtafute njia yanakopita.

Hatua ya 6: Wakati wa kazi na kuondoa

Mlinzi wa usawa wa maji awepo usiku na mchana, na kigingi chenye alama za sentimita: alama ya njano ni kujiandaa, nyekundu ni watu wote kutoka. Mto ukifika nyekundu, jazeni maji ndani kwa makusudi ili pande zote mbili zilingane. Mtapoteza siku ya kazi lakini hamtapoteza mfuko wala msingi mliochimba.

Maji yaliyogusa zege bichi msiyarudishe mtoni, saruji inaua samaki. Kuondoa ni kinyume cha kutandaza: jaza ndani taratibu, fungua upande wa chini kwanza, toa maji ya mifuko, uviringishe kuelekea ukingoni. Osha tope, anika, hifadhi kivulini kwa kuwa jua linachosha plastiki.

Maswali ya wanachama

*Fundi wa Kilosa: Mkuu, ahsante kwa somo. Mito yetu huku ni mchanga mtupu. Maji si yatapita chini tu?*

Yatapita, mkuu, swali ni kwa kasi gani. Tandaza turubai zito upande wa mto, lianzie chini ya mfuko na lienee mita tatu au zaidi kuelekea majini, ukingo wake ulaliwe na viroba. Maji yanalazimika kusafiri mbali zaidi ndani ya mchanga, yanapoteza nguvu. Pili, usichimbe msingi karibu na mfuko. Mimi kwenye mchanga naacha nafasi isiyopungua mara mbili ya kina cha shimo. Nafasi hiyo ikikosekana, mfuko si chaguo lako.

*Mhandisi wa Embu: Kwa nini tusitumie viroba vya mchanga vya kawaida? Vijana wapo na viroba ni bei rahisi.*

Kwa kina cha nusu mita, tumieni, sina ubishi. Lakini piga hesabu ya mita 1.2: tuta la viroba linataka kitako mara tatu ya kimo, kwa hiyo kila mita inakula zaidi ya mita 2 za ujazo. Kwa viroba vya kilo 25 ni karibu 150 kwa mita moja, na 3,000 kwa mita 20. Utavishona, utavibeba, halafu utaviopoa vyote mtoni vikiwa vimeloa. Ukiongeza na siku za kusubiri, bei rahisi inaisha.

*Mwanachama wa Iringa: Ukitoboka usiku je?*

Tundu dogo halileti balaa kwa sababu upande wa mto maji ya ndani ya mfuko na ya nje karibu yanalingana kwa msukumo. Tofauti ni ile robo ya kimo iliyo juu ya mto. Pampu moja iachwe imeunganishwa na mirija muda wote wa kazi, ijazilizie huku mkiziba. Tundu la upande mkavu ndilo la haraka, hapo maji yanaruka kwa nguvu. Watu watoke kwanza, kiraka baadaye.

*Fundi wa Tabora: Naweza kushonesha wa kwangu kwa turubai la lori?*

Kwa kuzuia maji yasiingie shambani, jaribu. Kwa watu kushuka chini ya usawa wa mto, hapana, ndugu yangu. Mshono wa turubai la lori haukupimwa kubeba mvuto wa tani za maji masaa yote, na ukianza kuachia, unaachia mstari mzima kwa mara moja.

*Mwanachama wa Ifakara: Huku kuna viboko na mamba. Wanavumilia hii mifuko?*

Tafuta njia za viboko ukingoni kabla ya kuchagua mahali. Wana njia zao wanazopandia usiku kwenda malishoni, zimechimbika na zinaonekana wazi. Mwisho wa mfuko usikae kwenye njia hiyo, kiboko ataupita juu. Kwa mamba, maji ya ndani yakifika magotini simamisha pampu, askari wa wanyamapori akague eneo lote lililozungushiwa, na mtu wa kwanza asishuke mpaka yeye aseme pako salama.