Kuvua samaki chini ya barafu katika Ziwa Winnipeg: hatua kwa hatua

Ukisimama kwenye gati la Gimli mwezi Januari huoni maji. Unaona uwanda mweupe unaokwenda mpaka macho yanachoka, na juu yake mahema, vibanda vya mbao, pikipiki za theluji na moshi mwembamba wa watu wanaokaanga samaki. Gimli ni mji mdogo wa Manitoba, jimbo la Kanada, kama kilomita 90 kaskazini mwa jiji la Winnipeg. Mimi nilizaliwa Ujiji, nikakulia kando ya mitumbwi ya dagaa inayotoka usiku na taa zake. Siku ya kwanza niliyoletwa hapa nilikaa ndani ya gari nusu saa nzima, siwezi kushusha mguu juu ya ziwa. Huu ni msimu wangu wa 9, na kila Desemba simu zinaanza: Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wa Winnipeg wanataka kujua waanzie wapi. Nimeandika yote ninayowaambia.

Hatua ya 1: Leseni

Leseni ya uvuvi ya Manitoba inanunuliwa kwa intaneti. Pamoja nayo pakua kitabu cha kanuni za mwaka huo, usome idadi na urefu wa samaki unaoruhusiwa kubeba, maana hubadilika. Mawili uyashike tangu leo: majira ya baridi unaruhusiwa mishipi miwili, na ndoana lazima isiwe na kile kijino cha nyuma kinachomzuia samaki kuchomoka. Ukinunua yenye kijino, kibane kwa koleo mpaka kilale.

Hatua ya 2: Uliza habari za barafu

Hapa usiwe na haraka. Barafu ya Ziwa Winnipeg haifanani kila mahali, hata siku moja. Ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 24,000 na upepo unalisukuma. Barafu inapasuka, vipande vinapandana, na matuta yanainuka yakiwa na maji wazi pembeni. Tuta ulilovuka salama Jumamosi linaweza kufunguka Jumapili. Karibu na mdomo wa Mto Red mkondo unaila barafu kutoka chini, na juu huoni dalili yoyote.

Kwa hiyo kila asubuhi mimi hupita kwanza kwenye duka la chambo. Sijawahi kuona mtu wa pale akificha habari. Utaambiwa njia ipi imesafishwa theluji, tuta liko wapi, nani alikwama jana. Ukifika ziwani muulize anayetoka unapoingia. Hakuna aibu yoyote; wanaume waliozaliwa hapa na kuvua miaka 50 wanauliza pia.

Kisha pima mwenyewe. Barafu mpya, ngumu, unayoona weusi wa maji chini yake ndiyo imara. Ile nyeupe, iliyochanganyika na theluji, nguvu zake ni kama nusu, kwa hiyo unene uongezwe maradufu. Vipimo ninavyofuata kwa barafu nzuri ni hivi: sentimita 15 kutembea kwa miguu, 25 kwa pikipiki ya theluji, zaidi ya 30 kwa gari dogo. Gari langu halishuki ziwani kabla ya sentimita 40. Ukiwa ndani ya gari nenda polepole, kwa sababu mwendo wa kasi unasukuma wimbi la maji chini ya barafu, na wimbi hilo linaweza kuivunja mbele yako. Mikanda ifunguliwe, vioo vishushwe, hata kama nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri.

Tembea na mtaimbo mkononi, ukipiga mbele kila hatua chache. Barafu nene inajibu kwa mlio mzito, mfupi. Mtaimbo ukipenya kwa pigo moja au mawili, rudi kwa nyayo zako zilezile.

Hatua ya 3: Vaa ukijua unaweza kuzama

Pamba iache nyumbani, inashika jasho na kukugandisha. Ndani vaa sufu au nguo za michezo, katikati fulana nzito, nje suti ya kuelea. Suti hiyo ni ghali. Kama huna, vaa jaketi okozi juu ya koti. Buti ziwe kubwa kidogo ili hewa ikae ndani, na chini yake funga kucha za chuma. Shingoni ning'iniza misumari miwili ya kujiokolea, kila mmoja na mpini wake.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya baridi mara nyingi kwa ajili ya utafiti, ana kanuni ambayo nimewafundisha hata wanangu: 1-10-1. Ukizama una dakika 1 ya kutuliza pumzi, kwa sababu baridi inakufanya uheme ovyo. Una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii. Una kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa mwili kupoa. Watu wengi wanadhani baridi inaua papo hapo, wanahangaika na kumeza maji katika ile dakika ya kwanza. Tulia. Geukia ulikotoka, kwa kuwa barafu ile ilishakubeba. Chomeka misumari, piga miguu kama unayeogelea, jivute kwa tumbo, kisha jiviringishe. Usisimame mpaka uwe mbali na tundu.

Hatua ya 4: Vifaa

Kekee ya barafu yenye upana wa sentimita 20, ya mkono au ya betri. Fito mbili fupi, chini ya mita moja, maana hurushi mshipi mbali, unaushusha tu chini ya miguu yako. Kijiko kikubwa chenye matundu cha kutolea vipande vya barafu. Ndoo ya kukalia na kubebea samaki. Sleji ya plastiki ya kuburuta vyote. Chambo cha kawaida hapa ni visamaki vidogo vya kung'aa, wanaouzwa wamegandishwa au wametiwa chumvi. Ukiwashika mara ya kwanza utakumbuka dagaa wa nyumbani. Kifaa cha sona kinachoonyesha samaki akisogea chini ni kizuri, ila msimu wa kwanza usikinunue. Jirani atakuonyesha chake.

Hatua ya 5: Toboa

Nje ya Gimli wengi hutoboa kwenye kina cha mita 4 hadi 6. Fagia theluji, simamisha kekee wima, uiache ikate kwa uzito wake. Vumbi la barafu linapanda kavu, jeupe kama unga wa sembe. Likianza kulowa, umekaribia. Kekee inazama ghafla na maji yanachemka juu yakiwa na uji wa barafu. Utoe wote kwa kijiko. Piga magoti utazame: ukuta wa tundu ni bluu iliyokolea, na chini yake maji yametulia, ya kijani na meusi. Mpaka leo hukaa hapo kidogo kabla ya kushusha ndoana.

Rafiki zangu wa Kigoma huuliza samaki wanaishi vipi humo. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo hayo hukaa chini, na yaliyo baridi zaidi huelea na kuganda juu. Barafu na theluji zinakuwa blanketi. Samaki wako hai, ila wamepunguza mwendo, na ndiyo maana chambo usikichezeshe kwa papara.

Hatua ya 6: Majirani, hema na hita

Kabla ya kufungua hema, salimia. Usitoboe karibu ya kuingilia mishipi ya mtu. Mimi huacha hatua 30 au zaidi, na nikitaka karibu naomba. Salamu ya hapa ni swali moja, "Wanakula?", na jibu linatolewa kweli: wangapi, kina gani, chambo gani. Mji huu ulianzishwa na Waaislandi waliofika mwaka 1875, watu wa bahari ambao hawakujua uvuvi wa chini ya barafu. Wenyeji wa asili wa ziwa ndio waliokuwa na elimu hiyo, na ukihudhuria mazungumzo ya wazee wa Gimli utasikia jina la John Ramsay, mtu wa jamii ya Saulteaux, aliyewasaidia wahamiaji hao ingawa walipewa ardhi aliyokuwa akiishi. Ninapofundishwa na mtu nisiyemjua, namkumbuka yeye.

Hema la kukunja lifunge kwa skrubu za barafu pande zote, upepo wa ziwa hili unaburuta hema na mtu ndani. Kisha hita ya gesi. Soma hapa mara mbili. Msimu wangu wa pili nilifunga matundu yote ya hewa kwa sababu ya baridi. Kichwa kikaanza kuuma, nikadhani ni njaa. Nikapata usingizi mtamu. Mzee wa hema la jirani alikuja kuniomba chambo, akaniita, nikachelewa kuitikia. Akafungua zipu kwa nguvu, akanishika kwapa na kunikalisha nje kwenye theluji. Ilikuwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Hakuondoka mpaka nilipomaliza kikombe cha chai na kumtajia majina ya watoto wangu wote. Tangu siku hiyo namwita baba, naye anaitika. Kwa hiyo matundu mawili ya hema yawe wazi, moja juu na moja chini, na king'ora cha gesi hiyo kining'inie usawa wa kichwa chako unapokaa.

Hatua ya 7: Shusha

Tunayemtafuta ni pikareli, ambaye kwingine huitwa walleye. Wa ziwa hili mara nyingi mgongo wake ni wa kijani wa zumaridi, na jicho lake linarudisha mwanga kama la paka, ndiyo maana anakula vizuri alfajiri na magharibi. Shusha chuma king'aacho chenye kisamaki mpaka kiguse chini, kisha kipandishe kama sentimita 30. Inua kiganja mara mbili, acha kishuke, tulia ukihesabu mpaka 10. Pikareli anauma kinapotulia. Hutasikia mvuto mkubwa. Ni uzito tu, kama mtu ameweka kidole kwenye mshipi. Inua kwa utulivu, usilegeze. Mshipi wa pili uuache na kisamaki kimoja bila kuuchezesha, kwenye tundu la pembeni unaloliona.

Samaki utakayemrudisha usimweke juu ya theluji. Kwenye baridi kali macho na matamvua yake yanaganda kwa muda mfupi sana. Mtoe ndoana juu ya tundu na kumwachia kichwa kikitangulia.

Hatua ya 8: Mlo

Saa sita mchana mtu mmoja huwasha jiko na wengine hukusanyika bila kuitwa. Hufika hata wale wanaopita na Bombardier, gari la mikanda lenye madirisha ya duara kama ya meli, kizazi cha uvumbuzi ambao Joseph-Armand Bombardier wa Quebec aliusajili mwaka 1937. Wavuvi wa nyavu bado wanayatumia hapa. Anayekaanga anapaka samaki unga na chumvi. Mimi huja na ndimu, pilipili mbuzi na ugali niliousonga nyumbani, nimeufunga kwa taulo ndani ya boksi la kuhifadhi joto. Haurudi.

Usitupe kichwa kabla ya kutoa mashavu. Pitisha ncha ya kisu kuzunguka duara lililo chini ya jicho, ingiza kidole gumba, nyama inachomoka kama sarafu nene. Mashavu hupewa mgeni. Samaki wa kubeba nyumbani wahesabike, na kila mnofu ubaki na kipande cha ngozi ili mkaguzi atambue aina yake.

Hatua ya 9: Kuondoka

Jua linazama mapema, saa kumi na moja jioni giza linaanza kuingia. Beba kila kitu, hata mishipi iliyokatika. Matumbo ya samaki na takataka zisibaki barafuni. Mwezi wa tano zote zitakuwa majini. Ukiwa na kibanda cha kuacha, utambulisho wako uonekane nje, na ukiondoe kwa tarehe iliyo kwenye kanuni.

Tundu lako litaganda juu kwa ngozi nyembamba na theluji italificha. Simamisha tawi au rundo la theluji kando yake, mtoto wa mtu asije akaingiza mguu. Kisha pita kwenye hema la jirani, gonga, umwambie unaondoka, ili akiona mahali pako pana giza ajue hakuna mtu ndani. Naye akikuambia anabaki saa moja zaidi, muulize kama gari lake limewaka leo, na usubiri mpaka usikie injini.