Kuzamia Mafia: angalia mwezi kwanza, tiketi baadaye

Watu wengi wakitaka kuja Mafia wanakimbilia tiketi, afu wakishafika ndo wanauliza maji yakoje. Mi kazi yangu ni kushusha watu chini ya maji pale Utende, kijiji cha Mafia kilicho kando ya Ghuba ya Chole, nakuomba sana ugeuze huo mpangilio, mana ghuba hiyo inaenda na kujaa na kupwa, ukija siku mbaya hela utalipa ileile na matumbawe utayaona kwa shida.

Hatua ya 1, msimu. Oktoba hadi Februari ndo pazuri zaidi, boti zinatoka mpaka nje ya ghuba na papa potwe wanakuja upande wa Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kula uduvi. Kusi, ule upepo wa kusini, ikivuma, Juni mpaka Septemba, tunazamia ndani ya ghuba tu. Aprili na Mei acha, ni masika, Rufiji inamwaga tope baharini na loji nyingi zinafunga.

Hatua ya 2, na hii usiiruke. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hapo mkondo una nguvu na maji yanachafuka. Kama ndo mara yako ya kwanza lenga maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, kwenye kalenda ya kiislamu kama tarehe 8 au 9, na 22 au 23. Halafu mlango wa Kinasi, pale ghuba inapofungukia bahari kuu, tunauzamia maji yakijaa, kwa sababu yanaingia masafi kutoka bahari kuu na mkondo unakusukuma ndani ya ghuba, yakitoka yanakuvuta nje huko kwenye bahari kubwa. Kwa hiyo ukiambiwa boti inaondoka saa tano badala ya saa tatu usinune, bahari ndo imepanga.

Hatua ya 3, kufika. Ndege toka Dar ni kama nusu saa. Kwa bei nafuu panda gari la Nyamisati pale Mbagala Rangi Tatu, afu uvuke kwa boti. Toa hela ukiwa Kilindoni, na kitambulisho cha taifa uwe nacho mkononi kwenye geti la Hifadhi ya Bahari, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni.

Hatua ya 4, majini. Kama huna cheti cha kuzamia utashuka na mwalimu, mwisho mita 12. Usibane pumzi hata sekunde, hii ndo sheria kubwa kuliko zote, pumua taratibu mfululizo kwa sababu hewa inatanuka ukipanda na mapafu yanaweza kupasuka. Masikio yaanze kufunguliwa mapema, bana pua upulize polepole kila unaposhuka kidogo, yakiuma panda kidogo ujaribu tena, usilazimishe. Matumbawe usiyashike wala kuyakanyaga, ni viumbe hai na yanakua polepole mno. Papa potwe naye mwachie mita 3, na usimzibie njia.

Hatua ya 5, kuondoka. Ukirudi kwa ndege, uwe umemaliza kuzamia angalau saa 18 kabla, naitrojeni itoke mwilini. Siku hiyo ya kusubiri vuka kisiwa cha Chole ukaone popo wakubwa, au nenda magofu ya mji wa kale wa Kua kule kisiwa cha Juani, na ukiangukia msimu wa kasa kuanguliwa uliza pale Utende mapema, kiota kikikaribia kupasuka wanakupeleka kuviona vitoto vikikimbilia majini.