Mkono wa kiti ukibonyea, jaribu gesi
Wenzangu wa Arusha mnaoagiza kalibu, yaani vyombo vya kuumbia bidhaa za plastiki, sehemu nene ndizo zinazotutesa. Juzi sokoni Kilombero nilipitisha kidole kwenye mkono wa kiti kipya, nikakuta kishimo palepale penye unene. Plastiki ya ndani hupoa mwisho. Ikisinyaa, huvuta uso. Mwambieni fundi aingize gesi ya naitrojeni ndani ya plastiki ikingali uji. Gesi hupita katikati ya unene, huisukuma plastiki ikabane kuta za kalibu, na kuacha uwazi kama wa bomba. Malighafi inapungua, kupoa kunawahi, mkono unabaki imara. Ila gesi itolewe kabla kalibu haijafunguliwa, la sivyo kitu kitavimba au kupasuka. Sahani nyembamba haina haja ya haya.