Kuvua blugili kwa kayaki kwenye maji ya magotini, hatua kwa hatua

Hii ni kwa wadau mlioko Minnesota na majimbo ya jirani, mnaopenda samaki mdogo wa kukaanga mzima mzima na mmeshachoka na perege wa kuganda wa dukani. Blugili (bluegill) na ndugu yake pampkinsidi (pumpkinseed) wapo kwenye maziwa mengi huku, na kayaki, yaani kamtumbwi kembamba ka kupiga kafi, inakufikisha kwenye futi mbili tatu za maji ambako boti la injini linanasa kwenye magugu.

Kwanza malizana na sheria, hizi ni za Minnesota, jimbo lingine angalia za kwao. Kuanzia miaka 16 unatakiwa uwe na leseni ya kuvua, kayaki ikizidi futi 10 inasajiliwa, na laifjaketi lazima iwemo humo ndani, mtoto wa chini ya miaka 10 anaivaa kabisa. Mtu mzima anaruhusiwa kuiweka tu pembeni lakini wewe vaa, maana mwezi wa 5 jua linawaka unaona kiangazi kimefika kumbe maji bado baridi ya kukata pumzi.

Vifaa sio vingi. Fimbo nyepesi ya futi 5 au 6, mshipi wa kuhimili pauni 4, ndoano namba 8 au 10 yenye shina refu, chelezo chembamba na kachubwi kadogo kabisa. Blugili ana kamdomo kadogo, hang'ati, anafyonza, kwa hiyo chambo ni kipande cha mnyoo kisichozidi ukucha, ukimwekea mnyoo mzima anakula mkia anakuachia ndoano. Chukua na miwani ya polaroidi, bila hiyo utaona mng'ao wa maji tu.

Sasa kuwatafuta. Barafu ikishayeyuka wanakimbilia vihori vya upande wa kaskazini wa ziwa, vyenye tope jeusi, kwa sababu vinapigwa jua na vimekingwa upepo baridi, maji yanawahi kupata joto. Kuanzia mwisho wa mwezi wa 5 hivi, maji yakikaribia nyuzi 70 za Farenhaiti (kama 21 za Selsiasi), wanataga. Hapo angalia chini utaona miduara myeupe kwenye mchanga au changarawe, imebanana mingi sehemu moja, hivyo ndo viota vyao vya kutagia. Jua likishakuwa kali kiangazi wakubwa wanashuka kwenye kina, pembeni wanabaki watoto watoto, labda uwahi alfajiri au jioni.

Hatua inayofuata ndo yenye kazi yenyewe, kuwasogelea. Kayaki ya plastiki ni ngoma, ukigonga kafi ubavuni au ukidondosha koleo sakafuni kundi zima limeshajua upo, kwa hiyo tandika taulo chini ya vifaa vyako na uache kupiga kafi ukiwa bado mbali. Zunguka mpaka upande upepo unakotokea halafu acha upepo wenyewe ukusukume taratibu, na kivuli chako kisiwaangukie. Ukibakiza futi 25 au 30 hivi, simama.

Kusimama kwenyewe, nanga kwenye maji mafupi inatibua tope na mnyororo unapiga kelele, mimi natumia pondo, mpini mrefu tu wa futi 6 au 7 unaochomekwa kwenye tope, kamba fupi unaifunga tezi (nyuma ya kayaki) ili omo (mbele) ielekee kwa samaki. Usiifunge ubavuni katikati! Upepo ukivuta, ubavu unazama na wewe unaufuata.

Rusha kupita pale walipo kisha vuta polepole mpaka katikati yao, ndoano ikining'inia nusu ya kina. Usisubiri chelezo kizame, kikilala tu ubavu au kikitembea pembeni, nyanyua kiganja kidogo, inatosha. Ukimshika, pitisha mkono kutoka kichwani kurudi mkiani ulaze ile miiba ya mgongoni. Akiwa amemeza ndoano kata mshipi, usimchokonoe.

Kuhusu wa kubeba: lile dume kubwa lenye kifua cha rangi ya chungwa ndo linalolinda mayai. Ukilitoa, wenzake wanaingia wanakula kila kitu, na madume wakubwa wakiendelea kutolewa, wale wadogo wanawahi kuzaa kabla hawajakua, nguvu zote zinaishia huko, baada ya muda ziwa zima lina samaki wa kiganja cha mtoto. Kuna maziwa ambayo kikomo cha samaki wa kubeba kimeshushwa mpaka 10 au 5 kwa siku, soma kitabu cha kanuni kabla hujaingia. Mimi nabeba wa wastani, inchi 7 hivi, majitu narudisha, na kwa kikaango cha nyumbani hao ndo wanaenea vizuri. Waweke kwenye barafu moja kwa moja, ukiwaning'iniza kwenye maji ya moto ya pembeni nyama inalegea.

Ukitoka majini, toa magugu yote kwenye kayaki na umwage maji yote palepale, ni sheria, kuna kome vamizi wanasafiri hivyo hivyo. Minyoo iliyobaki iende pipa la taka. Najua nyumbani tungeimwaga shambani, ila misitu ya huku haikuwa na minyoo ya asili, ikiingia inamaliza majani yaliyooza ambayo miche inayategemea.

Magamba yatoe kwa kijiko, chanja ubavuni mara tatu, chumvi, ndimu, mafuta yachemke kweli. Filee (kukata minofu bila mifupa) achana nayo, kwa samaki wa saizi hii utatupa nusu ya nyama.