Kobe wa maji amefika jana, kajificha na hataki kula? Fanya hivi

Kila mwezi lazima mtu anipigie, "boss, yule kobe toka juzi kajibanza pembeni, hali kitu, nikimshika ananikojolea, ni mgonjwa ama?" Mara nyingi si mgonjwa, ni mgeni tu. Katolewa kwenye beseni la muuzaji, katiwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), kapandishwa boda toka mjini mpaka Kireka na yale mashimo yote, alafu anafunguliwa ndani ya kioo chenye mwanga kila upande na watoto wanne wanagonga gonga. Wewe ungekula?

Mi nafuga hawa miaka saba sasa hapa Kampala na watu nawatengenezea matangi, so haya ni yale nafanya kwa mikono yangu.

Hatua ya 1: mjue ni nani

Akiwa na mstari mwekundu nyuma ya jicho huyo ni slaida, asili yake Marekani, ndo wengi wanauzwa na ndo naongelea hapa. Akiwa anakunja shingo kwa ubavu badala ya kuivuta moja kwa moja ndani, huyo ni wa kwetu, wa vinamasi na madimbwi, na huyo usimuokote barabarani baada ya mvua ukampeleka nyumbani. Wanyama wa porini ni wa serikali, kuwafuga unahitaji kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori Uganda. Mwache aende zake.

Hatua ya 2: tangi kwanza, kobe baadaye

Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Wananunua kobe Jumamosi, tangi wanaanza kuuliza bei Jumatatu, mnyama anakaa kwenye ndoo siku tatu.

Hesabu ninayotumia ni lita 40 kwa kila sentimita mbili na nusu za gamba. Kale kadogo ka sentimita 5 kanataka lita 80, yaani jerikeni nne za lita 20, na usicheke kwa sababu jike akikua anafika sentimita 25 mpaka 30 na anaweza ishi miaka 30, watoto wako watamaliza shule wakamwacha hapo. Kina cha maji kiwe angalau mara mbili ya urefu wa gamba ili akijipindua aweze kugeuka. Yale matangi madogo ya plastiki yenye mnazi wa kijani katikati, hapana.

Maji ya bomba yana klorini. Yachote kwenye beseni wazi, yaache mpaka kesho yake saa kama hiyo, ndo umwage kwenye tangi. Chini usiweke changarawe, anameza. Weka mawe makubwa kuliko kichwa chake ama acha kioo kitupu, ni rahisi hata kusafisha.

Joto la maji kwa mdogo liwe 25 mpaka 28. Watu wanasema Uganda ni joto, hita ya nini, lakini wiki za mvua usiku hapa Kampala unashuka mpaka 17 au 18 na maji yanapoa nayo, na kobe aliyepoa hata umpe nini tumbo halisagi. Nunua themometa kwanza kabla ya kubishana na mimi. Hita iwe na kizuizi, asije akaibamiza akaivunja.

Alafu pahali pa kuota jua. Awe anapanda mwenyewe, anatoka majini mzima mzima na kukauka, gamba na miguu. Mi natumia jiwe bapa juu ya mawe mengine, au fundi ananikatia kibao kinachoinamia majini. Juu yake taa ya joto ipige 30 mpaka 33, na pembeni taa ya UVB (mionzi kama ile ya jua) masaa 10 mpaka 12 kwa siku.

Sasa hiyo UVB, sikiliza. Kobe wangu wa kwanza nilimweka dirishani, jua la asubuhi linaingia vizuri kabisa, nikajisifu nimeokoa hela ya taa. Miezi minane baadaye namshika naona gamba linabonyea chini ya kidole gumba, laini kama ganda la chungwa. Kioo cha dirisha kinapitisha mwanga na joto lakini ile UVB kinaizuia karibu yote, na bila hiyo mwili hautengenezi vitamini D na kalsiamu haishiki. Hakupona. Kwa hiyo kama taa imekushinda bei, mtoe nje kwenye jua lenyewe asubuhi nusu saa, kwenye beseni lenye maji kidogo, nusu kivuli, na FUNIKA NA WAYA. Kaloli, wale korongo wakubwa wa mji huu, unawajua, wanatembea pale juu ya takataka kama wenye nyumba, na kobe wa sentimita 5 kwake ni karanga.

Hatua ya 3: siku anafika

Usimtupe ndani. Mweke kwanza kwenye beseni lenye maji machache ya joto la kawaida, kila baada ya dakika kumi muongezee kikombe cha maji ya tangi, kama nusu saa hivi. Alafu mweke juu ya lile jiwe la kuota jua na utoe mkono. Aingie majini mwenyewe. Ataingia kwa kishindo, atazama, atajificha nyuma ya hita, sawa tu.

Funika pande tatu za tangi na magazeti. Hii haina gharama na inasaidia kuliko kitu chochote utakachonunua, kwa sababu kobe mdogo chochote kikubwa kinachotembea juu yake ni ndege wa kumla, hajui wewe ni baba mwenye nyumba. Mpe na kitu cha kujificha chini yake, hata kipande cha bomba pana. TV isiwe karibu.

Hatua ya 4: wiki ya kwanza mwache

Usimshike, usimpige picha na flashi, majirani waje wiki ijayo. Siku ya pili tupia chakula kidogo sana na uondoke chumbani kabisa, rudi baada ya dakika 20, kama hajala kitoe kisioze. Kesho tena. Mwenye afya anaweza kaa wiki nzima bila kula na asife, utakufa wewe kwa wasiwasi kabla yake.

Huyu wangu wa sasa alinitesa siku tano. Siku ya sita nimekaa kwenye kiti mbali na chai yangu, nimejifanya simuoni, akatoa kichwa polepole kule kwenye bomba, akaangalia mukene (dagaa) inaelea, akarudi. Akatoka tena. Akanyosha shingo ndefu mpaka nikashangaa imetoka wapi, akaidaka na akakimbia nayo shimoni. Banange nilifurahi kama mtoto kaanza kutembea.

Chakula chenyewe

Peleti za kobe ndo msingi. Mukene ni nzuri mara mojamoja lakini ya kwetu nyingi inaanikwa chini kwenye mchanga, ioshe mpaka maji yatoke safi, na ile ya chumvi usimpe. Sukuma wiki, karoti iliyokwaruzwa. Kiasi ni kama ukubwa wa kichwa chake, mdogo kila siku, mkubwa kila baada ya siku mbili. Mkate na posho (ugali) hapana. Mfupa wa ngisi uelee ndani atafune apate kalsiamu.

Hatua ya 5: maji na Yaka (umeme wa kulipia kabla)

Filta yako inahitaji kama wiki nne mpaka sita kabla wale bakteria wazuri wanaokula amonia (sumu itokanayo na uchafu wake) hawajajaa kwenye sponji, kwa hiyo mwezi wa kwanza badilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki. Si yote. Na sponji isuuze na maji ya tangi yaliyotolewa, ukiiweka chini ya bomba klorini inawaua wote unaanza upya. Umeme ukikatika masaa mengi, au Yaka imeisha na hela hamna, usimlishe, na ukirudi suuza sponji kwanza ndo uwashe filta maana uchafu uliooza mle utamwagika wote kwa kobe.

Kila ukigusa kobe au maji yake nawa mikono na sabuni, wana bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima. Marekani toka 1975 wamekataza kuuza wadogo chini ya sentimita 10 kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Usioshe vitu vyake kwenye sinki ya vyombo.

Lini uogope

Anaogelea ameinamia upande mmoja, anatoa povu puani, macho yamevimba hayafunguki, anahema mdomo wazi. Hapo usisubiri, tafuta daktari wa mifugo na muulize kwanza kama ashawahi tibu kobe. Vilevile kama wiki mbili zimepita, maji ni ya joto, na bado hali. Na akikushinda kufuga mrudishe kwa muuzaji au mpe mtu, usimtupe ziwani, slaida akizoea Nalubaale (Ziwa Victoria) atawapokonya wa kwetu chakula na pahali pa kuota jua.

Magazeti usiyatoe yote siku moja. Subiri mpaka siku utapita mbele ya tangi yuko juu ya jiwe, miguu kainyosha nyuma, na hajaruka majini. Hapo toa upande mmoja, kaa siku tatu, toa mwingine.