Riale ya 1780 na rupia ya Mjerumani: kutambua bandia na kumpa mwenye sarafu jibu la kweli

Riale ya Maria Theresa huchanganya watu kuliko sarafu nyingine zote za fedha za Pwani. Mwaka wake daima ni 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, na Austria imeendelea kuipiga kwa mwaka uleule hadi zama zetu. Roma ilianza kuipiga 1935, London 1936, kisha Paris, Brussels na Bombay. Zote hizo ni fedha halali. Kwa hiyo maswali ni mawili na yasichanganywe: je, ni fedha iliyopigwa kiwandani? Na je, ilipigwa lini? Anayeuza riale ya London kwa madai kwamba ni ya karne ya 18 anadanganya, ingawa sarafu yenyewe si bandia.

Anza na mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, nayo uipime kwanza kwa jiwe la uzito unaojulikana. Riale nzima ina gramu 28.07, kipenyo cha milimita 39.5 hadi 41 kutegemea kiwanda, na fedha sehemu 833 kwa 1,000. Rupia moja ya Mjerumani ina gramu 11.66, milimita 30.5, fedha 917. Sarafu iliyochakaa hupungua, na hilo si kosa. Lakini upungufu lazima ulingane na uchakavu unaouona: riale yenye nywele za malkia na manyoya ya tai makali kisha ina gramu 26 haielezeki. Uzito uliozidi ni mbaya zaidi, maana sarafu haiongezeki uzito mfukoni.

Mafundi wazuri wa bandia huweza kupatia uzito, ila wakipatia uzito kwa madini mengine hukosa ujazo. Hapo ndipo maji yanapowaumbua. Weka kikombe kidogo cha plastiki chenye maji juu ya mizani, kisha uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia (uzi wa pamba hunywa maji), uizamishe yote bila kugusa chini wala ubavu wa kikombe. Soma namba, halafu gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Riale nzima itasoma karibu 2.75, yaani msongamano (uzito kwa ujazo) wa 10.2. Rupia itasoma karibu 1.13, yaani 10.3. Riale ya shaba ya njano yenye uzito uleule itasoma kama 3.3. Mapovu yaliyonata kwenye sarafu huifanya fedha nzuri ionekane hafifu, kwa hiyo isugue kwa kidole ndani ya maji kabla ya kupima. Riale nyingi zilivaliwa kama mapambo. Lehemu au kitanzi cha kuning'inizia kilichobaki huvuruga hesabu, na hapo kipimo cha maji kisitumike peke yake.

Sumaku hukamata chuma na metali chache kama nikeli. Shaba haikamatwi, wala risasi, kwa hiyo sarafu isiyonata haijathibitisha chochote. Tindikali ya sonara iache kabisa: inaacha doa lisilotoka, na kwa sarafu iliyopakwa fedha inasoma ngozi ya juu tu.

Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10 na uanze na ukingo, kwa sababu waghushi wengi huupuuza. Riale ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka kwenye ukingo, pamoja na mapambo. Rupia ina meno membamba yaliyo sawasawa. Sarafu ya kusubu kwenye kalibu huacha mshono ukingoni, au alama za tupa iliyotumiwa kuuondoa. Usoni utaona vishimo vya mapovu na herufi zilizolainika kama sabuni iliyotumika. Uchakavu halisi huanza penye mwinuko: shavu na bega la malkia, kifua cha tai. Sehemu za mwinuko zikiwa kali huku uwanja wa bapa umelika, kuna jambo. Weusi nao huigizwa kwa masizi au dawa ya viatu. Ukitoka kwenye kitambaa kikavu, si wa miaka. Na sarafu mbili zenye mkwaruzo uleule mahali palepale zimetoka kalibu moja.

Kwa rupia, soma maandishi kabla ya kushangaa. Za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zenye simba na mnazi, huandikwa DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT na ziliishia 1902. Kuanzia 1904 ni za serikali, zenye DEUTSCH OSTAFRIKA na herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Simba akiwa na mwaka 1910, umemaliza kazi: ni bandia. Rupia 2 zilitoka 1893 na 1894 tu, na kwa uadimu wake zinaghushiwa sana. Tabora mwaka 1916 walipiga heller (sarafu ndogo za rupia) za shaba na rupia 15 za dhahabu. “Rupia ya fedha ya Tabora” ni ya kubuni, hata ikija na hadithi ndefu ya mali za Mjerumani.

Ukitakiwa maoni kwa picha, omba pande zote mbili, ukingo, na sarafu ikiwa juu ya mizani na namba ikionekana. Picha pekee mara nyingi hutosha kusema “bandia”, lakini ni nadra kutosha kusema “halali”. Majibu ya uaminifu ni matatu: “Ni bandia, kwa sababu hizi”, “Kwa vipimo hivi sijaona kasoro”, na “Siwezi kusema bila kuishika.” La tatu halina aibu. Usimpe mtu bei kabla ya kumpa hukumu, usidai asilimia ya thamani, na usijitolee kuinunua sarafu uliyoikagua wewe mwenyewe. Mzee akileta riale ya bibi yake, mwambie wazi kama ni ya kupigwa baadaye, na umwonye asiisugue kwa jivu wala ndimu. Mwandikie karatasi yenye tarehe, uzito, namba ya maji, kipenyo na sababu zako, ili mkaguzi mwingine aweze kukupinga kwa vipimo.