Turbo C++ ikigoma kwenye Windows ya biti 64

Usihangaike kuisanikisha upya. Turbo C++ 3.0, kompaila ya zamani ya kutafsiri msimbo wa C na C++ kuwa programu, ni programu ya biti 16 ya DOS (mfumo endeshi wa kabla ya Windows), na prosesa ikiwa kwenye modi ya biti 64 haina tena modi pepe ya 8086 (prosesa ya zamani ya biti 16) ambayo programu hiyo inaitegemea. Weka folda ya TC ndani ya C:\DOS, fungua DOSBox (programu inayoiga kompyuta ya DOS ndani ya Windows), uandike:

mount c c:\dos
c:
cd tc\bin
tc

Ukimaunti c:\dos\tc yenyewe, njia za mafaili zinahama na kompaila italalamika haioni faili lake la STDIO.H; kagua menyu ya Options, kisha Directories. EXE (faili la programu yako) inayotoka nayo ni ya biti 16, kwa hiyo iendeshe humo humo DOSBox. Na humo int (aina ya namba kamili) ni baiti 2 tu: 32,767 ukiongeza 1 unapata -32,768.